Maisha ya Dokta Livingstone: Nia Njema na Udhaifu wa Mwanadamu

 

Katika toleo hili tumeona vema kueleza maisha ya mtu ambaye karibu kila mmoja wetu amesikia jina lake kabla ya kufika Malawi. Waliotoka Bujumbura wanalijua jiwe la Mugere. Waliopitia Kigoma wanaijua Ujiji. Ndugu zetu wa Maniema wanaijua Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Na hapa tulipopokelewa, mji mkubwa wa biashara kule kusini unaitwa Blantyre kwa sababu ndilo jina la kijiji alikozaliwa. Tunasema habari za Dokta David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873.

Wengi wetu tulipokuwa shule ya msingi au shule ya Jumapili tulifundishwa nusu ya habari zake. Tuliambiwa juu ya simba, juu ya maporomoko makubwa ya maji, juu ya mtu aliyekufa akiwa amepiga magoti. Nusu ya pili haikusemwa. Sisi tunaona kwamba hiyo nusu ya pili inawahusu sana watu wa kambi. Kwa maana makanisani tuna tabia mbili mbaya. Kwanza tunamchora mtumishi wa Mungu kama mtu asiye na doa. Halafu siku akionekana na doa, tunamtupa yeye pamoja na kila jambo jema alilolifanya. Maisha ya Livingstone hayakubali tabia yoyote kati ya hizo mbili.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Uskoti, katika familia maskini iliyoishi kwenye chumba kimoja. Baba yake aliuza majani ya chai na kufundisha shule ya Jumapili. Mtoto alipofika miaka 10 aliwekwa kazini katika kiwanda cha pamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akakitegemeza juu ya mashine ili asome mstari mmoja mmoja kila apitapo. Hivyo ndivyo alivyofika chuo cha udaktari. Vijana wetu wanaosoma usiku kwa mwanga wa simu watamwelewa bila maelezo mengi.

Alitaka kwenda China. Vita vya kasumba kati ya Uingereza na China vilifunga njia hiyo, na shirika la misheni la London likamtuma kusini mwa Afrika. Alifika mwaka 1841. Mwaka 1844 simba alimrukia mahali paitwapo Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega, na mkono ule haukupona sawasawa. Tutaurudia mfupa huo. Mwaka uliofuata alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Miongoni mwa Wakwena, katika nchi tunayoiita leo Botswana, palikuwa na mfalme aliyeitwa Sechele. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Alijifunza herufi kwa siku chache tu na akawa msomaji mkubwa wa Biblia. Alitaka kubatizwa. Livingstone alimweleza kwamba hawezi kubatizwa akiwa na wake wengi. Sechele alifikiri sana, kwa sababu wake wale walikuwa mabinti wa watu waliomsaidia kuushika ufalme, na kuwarudisha kwao ilikuwa kuwatukana marafiki zake. Hata hivyo aliwarudisha, akabaki na mmoja. Mwezi wa kumi mwaka 1848 alibatizwa, na watu wake wengi walilia kama kwenye msiba.

Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa wale wanawake alioachana nao ana mimba, na mimba ni ya Sechele. Mfalme hakukana. Aliomba asiachwe. Livingstone alimtenga na Meza ya Bwana, na katika moyo wake akamhesabu kuwa mtu aliyepotea. Katika maisha yake yote ya umisionari ni vigumu kumpata mwongofu mwingine wa Livingstone kuliko huyu mmoja, na huyu mmoja alianguka kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1852 Livingstone aliliacha eneo lile asirudi tena kuishi huko.

Tuseme ukweli juu ya Sechele. Hakuwa malaika. Aliendelea na mambo kadhaa ya mila, hata kutafuta mvua kama wafalme waliomtangulia. Lakini hakuiacha Biblia. Aliongoza ibada mwenyewe, akahubiri, akafundisha watu wake kusoma, na wamisionari waliokuja baadaye walikuta kazi imeendelea bila wao. Alifariki mwaka 1892. Wanahistoria wengine wa leo wanasema alieneza Injili kuliko mwalimu wake. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi katika sura ya saba, alijieleza kuwa mtu anayetaka jema na kujikuta ametenda jingine. Sechele angeweza kuisoma sura ile kama barua iliyoandikwa kwake.

Na Livingstone pia. Kwa maana wakati anamhukumu Sechele, nyumba yake mwenyewe ilikuwa inaumia. Mwaka 1850 alimchukua Mary, mjamzito, pamoja na watoto, kuvuka nchi kavu ya Kalahari. Waliporudi alizaliwa mtoto wa kike, Elizabeth, akafa baada ya wiki chache. Mwaka uliofuata aliwachukua tena katika safari ileile, na Mary akiwa mjamzito tena. Mtoto huyo alizaliwa njiani. Mama mkwe alimwandikia barua kali sana. Ndipo mwaka 1852 aliwapandisha melini huko Cape Town, mke na watoto wanne, waende Uingereza. Mary alikuwa amekulia Afrika. Hakuwa na nyumba huko Uingereza wala kipato cha kutosha, na hakupatana na wakwe zake. Alihama kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka minne akingoja.

Nia ya mumewe ilikuwa njema, hilo hatuna shaka nalo. Alikuwa ameona biashara ya watumwa. Aliamini kwamba ikipatikana njia ya mto kutoka baharini mpaka ndani ya Afrika, biashara ya halali na Injili vitaingia, na biashara ya kuuza watu itakufa. Kwa hiyo alitembea. Alitoka katikati ya bara mpaka Luanda, akafika mwaka 1854, akarudi, akaendelea mpaka Quelimane upande wa bahari ya Hindi mwaka 1856. Njiani aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Alirudi Uingereza akiwa shujaa, akaandika kitabu, akahutubia vyuo vikuu, na watu wakatoa fedha.

Hapo ndipo ahadi zilipoanza kumzidi nguvu. Aliwaambia Waingereza kwamba mto Zambezi unapitika kwa meli. Lakini kuna sehemu ya mto ambayo hakuiona kwa macho yake. Alipita njia ya mkato. Mwaka 1858 aliporudi na meli ya mvuke, fedha ya serikali na msafara mzima, alikuta katika sehemu hiyohiyo maporomoko ya Cahora Bassa, ambayo hakuna meli inayoweza kuyapanda. Meli ile iliitwa Ma-Robert, jina ambalo Watswana walimwita Mary kwa mzaliwa wake wa kwanza. Mary mwenyewe alikuwa ameachwa Cape kwa sababu ya mimba nyingine. Binti aliyezaliwa mwaka huo, Anna Mary, baba yake hakumwona mpaka mwaka 1864. Meli nayo ilikuwa inavuja, na mwisho ilizama.

Kiongozi akishindwa mbele ya watu, moyo wake hutafuta mtu wa kulaumu. Livingstone aligombana na nahodha wake, Bedingfeld, akaondoka. Alimfukuza Thornton, kijana wa kuchunguza mawe. Alimfukuza Thomas Baines, mchoraji na mtunza ghala, kwa kumshtaki kwamba ametoa mali ya msafara, wakati mtu huyo alikuwa mgonjwa wa homa na akiomba asikilizwe. Baines alitumia miaka mingi akijaribu kulisafisha jina lake, na Livingstone hakuyafuta mashtaka yale. Wengine walilalamika kwamba aliweza kukaa siku nyingi bila kusema neno na mtu. Huyu ni yuleyule aliyekuwa na subira kubwa kwa watu wa vijiji alivyopitia, aliyewatibu bila malipo.

Lakini tusimwonee. Mwaka 1856 aliwaacha Tete zaidi ya Wakololo mia moja waliombebea mizigo, akawaahidi kwamba atarudi na kuwafikisha kwao. Wengine walikufa kwa ndui wakimngoja. Mwaka 1858 alirudi kweli, na mwaka 1860 akatembea nao kwa miguu mpaka nchi yao wale waliotaka kwenda. Baadhi waliobaki wakawa machifu kando ya mto Shire, na ukoo wao upo Chikwawa hata leo. Ajabu ya mtu huyu ni hiyo: ahadi kwa wapagazi aliitimiza kwa gharama kubwa, na ahadi kwa mke wake ilingoja. Na safari hiyohiyo ya mwaka 1860 ilimkutanisha na makaburi. Wamisionari waliokwenda kwa Wakololo kwa sababu ya maneno yake, wakitumaini kumkuta huko, walifika mapema mwaka huo na wengi wao, pamoja na watoto, wakafa kabla hajafika.

Tuje sasa hapa Malawi. Septemba 1859 Livingstone aliliona Ziwa Nyasa. Mwaka 1861 walikuja wamisionari wa vyuo vikuu vya Uingereza, walioitikia hotuba zake, wakiongozwa na Askofu Charles Mackenzie. Mwezi wa saba mwaka huo, karibu na mahali ulipo mji wa Blantyre leo, walikutana na msafara wa watumwa waliofungwa shingo kwa miti. Walinzi walikimbia. Watu wakafunguliwa, 84 kwa hesabu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto. Miongoni mwao alikuwa kijana wa Kiyao aliyeitwa Chuma.

Watu hao wangekwenda wapi? Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa. Basi Askofu akawa na kambi. Ilikuwa Magomero, katika kona ya mto Namadzi, mahali palipofaa kwa ulinzi lakini pa chini na penye unyevu. Ndugu msomaji, sisi tunajua kambi ni nini. Watu wengi mahali padogo, chakula cha kugawa, maji machafu, magonjwa, na wenyeji wanaouliza hawa wageni watakaa mpaka lini. Mackenzie alikuwa mtu mpole, mwenye furaha, aliyewabeba watoto mabegani. Alikuja na fimbo ya uaskofu, na watu waliomwona wamesimulia kwamba mkono mmoja ulishika fimbo na mwingine bunduki. Siku chache baada ya kuwafungua wale watumwa, yeye na Livingstone walikwenda kuzungumza na Wayao; mishale ikarushwa, bunduki zikajibu, na kijiji kikachomwa moto. Livingstone alipoondoka alimwonya Askofu asiingie tena katika vita vya wenyeji. Askofu, kwa kuwahurumia waliomlilia, aliingia tena. Kila hatua ilikuwa na sababu njema. Jumla yake ilikuwa misheni ya amani inayochoma vijiji.

Januari 1862 Mackenzie aliteremka kwenda mahali mto Ruo unapoingia Shire, kukutana na Livingstone na vyakula. Mtumbwi ulipinduka, dawa za homa zikapotea majini. Alifariki tarehe 31 Januari mahali panapoitwa leo Chiromo. Burrup, mwenzake, alifuata wiki chache baadaye. Kisha ikaja njaa kubwa ya mwaka 1862 na 1863, mito ya Shire ikaelea maiti, na watu wengi wa kambi ile wakafa. Wamisionari waliobaki walihamishiwa Zanzibar mwaka 1864.

Dada zetu watauliza habari za Mary. Aliifikia Zambezi mwanzoni mwa mwaka 1862, baada ya miaka ya kusubiri. Walioishi naye waliandika kwamba alikuwa amezoea pombe na kwamba imani yake ilikuwa imepoa. Wengine walimsema vibaya. Sisi hatumsemi. Tunazijua nyumba ambazo baba ametangulia Afrika ya Kusini akiahidi kutuma kitu kwa mwezi, na mwezi umekuwa miaka, na mama amebaki na watoto, kodi na maneno ya watu. Tarehe 27 Aprili 1862, miezi mitatu baada ya kukutana na mumewe, Mary alikufa kwa homa huko Chupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Livingstone alilia kama mtoto, na katika kumbukumbu zake aliandika kwamba sasa ametamani kufa.

Robert, mtoto wa kwanza, alisafiri mpaka Afrika ya Kusini mwaka 1863 ili amfikie baba yake. Hakufika. Alivuka kwenda Marekani, akaingia vitani kwa jina la kubuni, Rupert Vincent, kwa kuogopa kulichafua jina la baba. Alikamatwa akafa katika kambi ya wafungwa huko North Carolina mwezi Desemba 1864. Alikuwa na miaka 18.

Serikali ya Uingereza iliufunga msafara wa Zambezi. Livingstone aliiendesha mwenyewe meli yake ndogo kutoka Zanzibar mpaka Bombay mwaka 1864, na Chuma alikuwa ndani ya meli hiyo. Chuma alisomeshwa Bombay, akabatizwa, akapewa jina James. Mwaka 1866 walirudi pamoja Afrika, na pamoja nao alikuwa Abdullah Susi, Mwislamu wa Chupanga.

Safari hii ya mwisho ndiyo inayopita kwetu. Watu wengi wa msafara walimtoroka, na wale wa Comoro walikwenda Zanzibar kutangaza kwamba ameuawa. Sanduku la dawa liliibwa. Alifika Ziwa Tanganyika mwaka 1867, Mweru mwaka uleule, Bangweulu mwaka 1868. Kabla ya Bangweulu wapagazi wengi walikataa kwenda mbele, akaenda na wachache mno. Aliporudi, wale waliomwasi waliomba wapokewe tena.

Tunawaomba msipite haraka hapa. Huyu ndiye aliyemfungia Sechele mlango. Ndiye asiyemsamehe Baines. Sasa amezika mke na mtoto, meno yamekwisha, mwili umekwisha. Aliwapokea wote. Na sababu aliyoiandika ni kwamba yeye mwenyewe ana makosa yake, na kwamba watu wale walikuwa wamechoka kama yeye alivyochoka. Hatujui kama siku ile alimkumbuka mfalme wa Wakwena. Katika makanisa ya kambi mtu akianguka huwekwa benchi la nyuma, miezi sita, mwaka, na wengine hawaitwi tena mbele. Wazee wa kanisa wana sababu zao, na nidhamu haina budi kuwepo. Lakini Livingstone alihitaji miaka 20 na misiba mingi ili awe mtu wa kupokea, na Sechele hakupata faida ya somo hilo.

Msidhani kwamba tangu hapo alishinda udhaifu wote. Mtu aliyechukia biashara ya watumwa kuliko kitu chochote aliishi kwa chakula cha wafanyabiashara hao. Mwaka 1869 alipougua mapafu, Mohamed Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu, alimuuguza na kuamuru abebwe kwa machela. Akafika Ujiji akiwa hai. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe akiwabembeleza wafanyabiashara wa watumwa wampe mitumbwi. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wao waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama Lualaba. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Alitaka kuchukua bastola yake, akazuiwa. Aliandika kila kitu kwa wino wa matunda juu ya magazeti ya zamani kwa sababu karatasi ilikwisha. Maandishi hayo yalisomwa upya kwa kamera maalumu na kutolewa mwaka 2011. Yanaonyesha kwamba alipoyaandika tena baadaye, alilainisha maneno makali juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Hata ushahidi wake mkubwa ulipita katika mkono wa mwanadamu.

Baada ya hapo hakuweza kuendelea na wauaji wale. Alirudi Ujiji bila kitu, na mwezi Novemba Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akamkuta. Wote wawili walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Jiwe la Mugere ni kumbukumbu ya safari hiyo. Stanley alimsihi warudi Ulaya, kwa watoto. Alikataa. Alitaka kukiona chanzo cha mto Nile, na alikitafuta mahali ambapo hakipo.

Alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, amepiga magoti kando ya kitanda. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na habari za Nyangwe zilikuwa zimechangia kumsukuma. Livingstone hakujua.

Na kile alichotaka Malawi? Livingstonia ilianzishwa mwaka 1875, misheni ya Blantyre mwaka 1876, na hapa kwetu wilayani Dowa, Mvera mwaka 1889. Watu wakasoma, wakatibiwa. Lakini Magomero, palipokuwa kambi ya waliofunguliwa, pakawa shamba kubwa la Alexander Low Bruce, mume wa Agnes, binti wa Livingstone. Baadaye wenyeji na wahamiaji waliokimbilia huko walitumikishwa kwa thangata, kazi badala ya kodi ya ardhi. Msimamizi wake, William Jervis Livingstone, alichoma makanisa ya wafuasi wa Mchungaji John Chilembwe, na Januari 1915 watu wa Chilembwe walimuua.

Pale kwa Chitambo walikuwepo watu wapatao 60, wanawake na wanaume. Wangeweza kumzika na kwenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma Nasik huko India, akaisoma ibada ya mazishi. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti, wakaubeba kwa muda wa miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,600. Halima, mpishi, alikuwa mmoja wao. Karibu na Tabora Waingereza waliokutana nao waliwashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, wakalipwa mshahara wao, na wengi wakaachwa waende watakako. Huko London waliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba. Alizikwa tarehe 18 Aprili katika kanisa la Westminster, na kati ya wote waliombeba, ni Wainwright peke yake aliyekuwepo.

Chuma, mtoto wa kambi ya Magomero, alikufa Zanzibar mwaka 1882. Susi aliishi miaka tisa zaidi. Alikuwa amelala karibu na Livingstone usiku mwingi, alimwona akiomba na alimwona akikasirika, na katika miaka yote hiyo alibaki Mwislamu. Mwaka 1886, miaka 13 baada ya Chitambo, alikwenda mwenyewe kwa wamisionari wa Zanzibar akaomba ubatizo. Walipomuuliza jina, alijiita David.